Shimo Lisilovunja Yai

Vijana wa genge la barabara, na ninyi wenye baiskeli mnaopita juu ya kazi yao kila siku, habari zenu. Mimi ni Gaspari, yule mzee wa Ruponda mwenye baiskeli nyeusi isiyo na kengele. Nilikuwa nyapara wa barabara za udongo hapa Nachingwea mpaka nilipostaafu. Aliyeniambia niandike ni Editha, msimamizi wenu wa sasa. Nilimkatalia mara mbili. Nilimwambia mimi ni wa darasa la saba, na hilo darasa la saba lenyewe nililisoma nikiwa nimekaa nyuma kabisa. Akasema, "Mzee, andika kama unavyoongea, mradi lile la mayai uliandike." Basi naandika kama ninavyoongea. Mkiona narukaruka, msidhani kurasa zimechanwa. Ndivyo kichwa changu kilivyo.

Ninayo madaftari ya kazi, yamejaa sanduku. Kila jioni nilikuwa naandika mistari miwili mitatu: tumeziba wapi, nani hakuja, mvua imenyesha au haikunyesha. Ukiyasoma utacheka, maana karibu kila ukurasa una maneno "sina hakika". "Leo tumemwaga moramu njia ya Lionja. Sina hakika kama imeshiba maji." "Leo nimemkaripia Alfonsi kwa kuchelewa. Sina hakika kama nilikuwa na haki, baadaye nimesikia mtoto wake anaumwa."

Ukurasa mmoja tu haukuwa na maneno hayo. Niliandika hivi: "Mvua imekata kalavati la Mikorosho Mitatu. Mwalimu mmoja ameanguka na kuumia mkono." Nikaweka nukta. Ni kweli mvua ilinyesha, na ni kweli mwalimu alianguka. Lakini kuna kitu nilikiona siku chache kabla, na hicho sikukiandika. Kwa sababu hiyo nimeishi miaka mingi bila kujua kama mkono wa mtu ulipotea kwa ajili ya mvua au kwa ajili yangu. Nitafika huko. Kwanza tuongee mashimo, maana kuna wengine kati yenu mnayaziba vibaya, nimewaona.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Likwena. Alikuwa na mguu mmoja mfupi kidogo kuliko mwingine, na miguu hiyo ndiyo ilikuwa rula yake. Anaingia kwenye shimo, anasimama, anasema: "Likifika goti la mguu mfupi, tunaita tipa. Likifika goti la mguu mrefu, tunamwita mhandisi." Wiki yangu ya kwanza alinipa shimo nilizibe peke yangu. Nikaona moramu, ule udongo wa kokoto, iko mbali, na pembeni pale kuna udongo mweusi wa shamba, mlaini, hausumbui chepeo. Nikaujaza, nikaukanyaga kwa miguu, nikasimama pale najipongeza. Mvua ilipokuja lile shimo likawa uji. Mama mmoja mwenye baiskeli ya mihogo alikwama hapo, gurudumu la mbele likazama lote. Mzee Likwena hakunigombeza. Alinichukua, akanisimamisha pale mbele ya yule mama, akaniuliza, "Gaspari, umeziba shimo au umetayarisha jaruba la mpunga?" Yule mama akadakia, "Mwache, baba, ataniita wakati wa mavuno."

Sasa sikilizeni. Shimo halizibwi lilivyo. Kwanza unalichonga kingo kwa sururu mpaka zisimame wima, maana kingo za mviringo zinatema kile unachotia. Unachimba chini mpaka upate udongo mkavu unaolia chuma kikigonga. Tope na majani unatoa, hata kama jua linakuchoma na unatamani kuyafukia. Halafu moramu, unaitia kwa tabaka, tabaka moja lisizidi kiganja kilichosimama. Unanyunyiza maji, unashindilia, ndipo unatia jingine. Kujua kama maji yametosha, chukua gao moja uliminye. Ukifungua mkono likabaki donge bila kuchafua kiganja, endelea. Likimwagika, ongeza maji. Likikuchafua, umezidisha, kaa ule muhogo wako usubiri likauke. Juu acha kimgongo kidogo, magari yatakishusha yenyewe. Na usiondoke kabla hujafungua mtaro. Shimo lilianza kwa maji kukosa pa kwenda, na yakikosa tena yatarudi palepale.

Hayo niliyajua. Nilichokuwa sikijui ni mashimo yenyewe yako wapi.

Siwalaumu wakubwa wetu wa wakati ule. Barabara zilikuwa nyingi, tipa lilikuwa moja, na hilo moja lilikuwa na kazi nyingine pia. Wakija kukagua walikuja na gari, na gari lina magurudumu manne na viti vyenye sponji. Dereva wa gari shimo dogo halioni, na kubwa analikwepa. Mwenye baiskeli hawezi kusema hakulisikia. Linapita kwenye rimu, linapanda kwenye uti wa mgongo, linamfikia kwenye meno. Mtu wa baiskeli anaijua barabara kama anavyojua kitanda chake. Nililijua hilo siku Kasiani alipokuja ofisini.

Kasiani alikuwa mnunuzi wa mayai. Alikuwa anapita vijiji vya Ruponda, anayapanga kwenye trei, trei anazifunga kwenye keria kwa mpira wa tairi, anayapeleka mjini Nachingwea sokoni. Siku hiyo alitegesha baiskeli mlangoni kwetu, akaingia na trei moja inayochuruzika.

"Nyapara nani hapa?"

"Mimi."

"Shika." Akaniwekea trei mikononi. Ute ukaanza kunitiririka mpaka kwenye kiwiko.

"Sasa haya ya nini, bwana?"

"Ni yako. Shimo ni lako, na mayai ni yako. Kakaange."

Mzee Likwena, ambaye alikuwa amebakiza miezi tu astaafu, alicheka mpaka akakaa chini. Halafu akaniambia kitu ambacho ningekishika, msingekuwa mnasoma haya. Alisema, "Usimuulize mayai ni ya nini. Muulize anavyopita njia yote, kuanzia anapopanda mpaka anaposhuka."

Nilimuuliza nusu tu. Nilichukua daftari nikasema, "Haya, Kasiani, niambie umevunjia wapi."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. "Pale kwa mama wa maandazi, yai moja. Kwenye mwinuko wa kigango, matatu. Kwenye mteremko wa zahanati, trei nzima na pua yangu, tazama."

Hapo ndipo kipimo chetu kilipozaliwa. Kila wiki Kasiani alipita ofisini, na mimi naandika: shimo la yai moja, shimo la mayai matatu, shimo la trei. Waendesha baiskeli wengine wakaanza kuja pia, wenye mkaa, wenye madumu, hata katekista wetu anayezunguka vigango, na wote tukawatafsiria kwa mayai. Katekista alilalamika kwamba yeye habebi mayai. Tukamwambia akadirie. Akasema, "Basi pale kwenye mchanga ni mayai mawili na dhambi moja, maana nilitamka neno." Genge lote likazoea. Mhandisi mmoja mgeni alimuuliza Alfonsi kina cha shimo ni sentimita ngapi, Alfonsi akajibu kwa adabu kabisa, "Mayai manne, mkuu."

Na ilifanya kazi, lazima niseme ukweli. Tulianza na mashimo ya mayai mengi, tukashuka. Watu walitusifu. Kasiani hakuwa mwongo. Kuna siku aliandikisha shimo la mayai manne, kesho yake asubuhi akarudi amevua kofia. "Nyapara, yale manne ya jana futa. Shimo lilikuwepo, lakini kosa lilikuwa la mbuzi." Mtu wa namna hiyo utaacha kumwamini? Kwa hiyo naliweka wazi mapema: lililotokea baadaye si lake.

Tulikuwa tunakaribia mvua. Nilipewa tipa kwa siku moja tu, na orodha yangu ilikuwa na mashimo saba ya mayai kwenye njia ya Ruponda kuja mjini. Nilipanda mbele na dereva. Tukafika Mikorosho Mitatu, pale ambapo barabara inavuka kijito juu ya kalavati. Kijito kilikuwa kikavu. Nikaona ukingoni mwa barabara kuna tundu, si kubwa, kama sufuria ya familia. Na nikaona kitu kingine. Kabla ya kalavati kulikuwa na njia nyembamba inayotoka barabarani, inashuka kwenye kijito, inapanda ng'ambo na kurudi barabarani. Ilikuwa imekanyagwa mpaka imelainika kama sakafu ya jikoni. Dereva akauliza, "Tusimame?" Nikatazama orodha. Mikorosho Mitatu haikuwepo, hata yai moja. Nikamwambia, "Twende, hapa hakuna shida." Ile njia nikadhani ni ya wachota maji.

Tuliziba yote saba siku ile. Jioni niliandika nimefurahi.

Siku chache baadaye mvua ikanyesha usiku kucha. Asubuhi, anga limefunguka na kila kitu kinang'aa, Mwalimu Adventina alipanda baiskeli kwenda mjini. Alikuwa mgeni, ametoka Bukoba, hana hata mwezi tangu aripoti shuleni, na ilikuwa mara yake ya kwanza kuipita njia ile kwa baiskeli. Alipita katikati ya barabara kama mtu yeyote mwenye akili angepita. Chini ya lile tundu la sufuria udongo wote ulikuwa umekwenda na maji. Barabara ikamong'onyoka toka ukingoni mpaka katikati, akaanguka yeye na baiskeli mpaka chini kwenye mawe.

Aliyemkuta ni Kasiani. Alifungua trei zake zote, akaziweka kwenye nyasi, akamkalisha mwalimu kwenye keria, akasukuma baiskeli mpaka hospitali bila kupumzika. Mimi nilipata habari nikiwa kazini, nikakimbilia kalavatini. Nikamkuta Kasiani amerudi, anapanga mayai yake upya. Hakuna mtu aliyeyagusa.

"Mkono," aliniambia kabla sijauliza. "Wa kulia. Umevunjika vibaya, kuanzia begani."

"Kasiani, hili shimo ulikuwa unalijua?"

"Nani asiyelijua?"

"Mbona hukuniambia?"

Akanitazama kama mtu anayetafuta tusi kwenye swali. "Uliniuliza mayai yamevunjika wapi, nyapara. Hapa sijawahi kuvunja. Hapa nashuka. Nasukuma, napita chini, napanda ng'ambo. Wote tunashuka." Akainua trei ya mwisho, akaitazama. "Hata leo sikuvunja."

Vijana, nilikaa chini palepale kwenye tope. Shimo baya kuliko yote ndilo lisilovunja yai, kwa sababu watu wameliogopa mpaka wamelitengenezea njia ya kulizunguka. Halafu hawalisemi tena. Kwao limekwisha, limekuwa sehemu ya safari kama mlima. Anayelijua shimo la namna hiyo haanguki, na asiyelijua ndiye anayeanguka, tena hana wa kumuuliza.

Mhandisi alikuja, akaandika taarifa yake kuhusu mvua, na hakukosea, maana mvua ilikata kweli na yeye ile njia ya pembeni hakuiona ikiwa na maana yoyote. Hakuna aliyenilaumu. Ningelaumiwa labda ningejitetea nikapona. Nikaenda nyumbani nikaandika ule mstari mnaoujua, nikaweka nukta.

Mwalimu Adventina alichukuliwa na ndugu zake kwenda kutibiwa kwao. Shuleni hakurudi. Watu wakasema mkono umekufa, ameacha ualimu, chaki hawezi kushika. Niliuliza kwa walimu wenzake, wakahamishwa nao mmoja mmoja, kamba ikakatika. Kalavati tulilijenga upya kwa zege. Zege lile nililichanganya kwa mikono yangu, na mtaro wake nikauchimba mwenyewe siku ya mapumziko. Mpaka leo ni kalavati imara kuliko yote upande huu. Lakini mimi sikuwahi kupita juu yake na baiskeli. Nikifika nashuka, nasukuma, napita chini. Nilipokuwa kazini nilisema nakagua mawe. Nilipostaafu nikakosa la kusema, nikaendelea kushuka tu.

Sasa nije kwenu. Mwaka huu Editha alikuja nyumbani kuniuliza mtaro mmoja wa zamani unatokea wapi. Ni binti wa Ruangwa, fundi sanifu, kijana wa haraka haraka, anaongea na simu mbili. Akanionyesha mambo yenu: kundi la kwenye simu, wenye baiskeli na bodaboda wanatuma picha za mashimo, yeye anahesabu. Nilifurahi sana, na sifichi. Sisi tulisubiri Kasiani aje na ute mkononi, ninyi mnapata habari kabla tairi halijapoa.

"Unayapangaje?" nikamuuliza.

"Lenye picha nyingi linaanza, babu. Haki kwa wote."

"Na yale ambayo hayana picha?"

"Hayo hayana shida."

Nilitaka kusema, nikajiuliza mimi nani, darasa la saba mbele ya mwenye diploma. Nikanyamaza, nikamwonyesha mtaro, akaondoka. Jioni niliandika: "Editha ana njia nzuri. Naona ina tundu kama la kwangu. Sina hakika." Nikalitazama lile "sina hakika" muda mrefu. Asubuhi nikapanda baiskeli mpaka ofisini kwake.

Nilimwambia, "Mjukuu, nipe siku mbili. Uache gari. Twende na baiskeli, tusitazame mashimo, tutazame njia zinazotoka barabarani."

Akacheka. "Babu, utaniweza?"

"Wewe ndiye utakayeomba twende polepole."

Siku ya kwanza tulikwenda upande wa Lionja. Kabla ya saa nne tukaiona. Njia nyembamba inaiacha barabara, inashuka kwenye mkondo mkavu, inapanda ng'ambo. Juu, barabara ilionekana nzima kabisa. Editha akatazama simu yake. Hakuna picha hata moja. Akaja dada mmoja na baiskeli, amefunga ufuta kwenye keria, akashuka bila hata kufikiri, akaanza kusukuma kuelekea chini.

"Dada, samahani," Editha akamwita, "mbona hupiti juu?"

"Juu kuna nini? Sisi tunapita hapa."

"Kuna shimo?"

"Linaunguruma tu ukipita. Zamani sasa."

"Mbona hamjatuma picha?"

Yule dada akashangaa. "Picha ya nini, na hatujaanguka?"

Editha alinigeukia, hakucheka tena. Alichukua nondo aliyoifunga kwenye baiskeli, akaipiga katikati ya barabara. Ikaingia mpaka kwenye ngumi yake. Mlipokuja kufukua kesho yake, mliona wenyewe: ndani palikuwa wazi kama tanuri la mikate, juu limebaki ganda. Na ndiyo kwanza malori ya korosho yalikuwa yanaanza kupita. Mlilifunga siku ile, mkaliziba kabla ya mvua, na mliziba vizuri, isipokuwa yule kijana wa kofia nyekundu aliyetia matabaka mawili kwa mkupuo. Nilikuona. Nilisema kimoyomoyo tu kwa sababu nilikuwa nimefurahi mno.

Nilidhani furaha ile imetosha. Kazi ile ilipokwisha, siku yetu ya pili ya baiskeli, tukaja upande wa kwetu, na mimi kwa ujinga wangu nikasahau tutapita wapi. Tukafika Mikorosho Mitatu. Editha akashika breki.

"Hapa tena!" Akaruka chini. "Tazama, babu, njia ya pembeni!" Akapiga nondo kwenye kalavati, nondo ikalia ngaa, ikamruka mkononi. Akapiga kwingine, ngaa. Akashuka kijitoni, akainama.

"Ajabu. Kalavati zima, lakini wanapita chini." Akagusa alama kwenye vumbi. "Tairi ni moja tu, babu. Kwenda na kurudi, tairi ileile. Na ina kiraka hapa, kinaacha alama kama kifungo."

Mimi nilikuwa natazama mikorosho. Editha akapanda, akaja mpaka kwenye baiskeli yangu, akazungusha gurudumu la nyuma polepole mpaka kiraka kikatokea.

"Babu. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nilikuwa nakuandika kwenye orodha!"

Nikacheka, halafu kicheko kikaniacha. Nikamweleza yote, jinsi mlivyosoma. Hakunikatiza. Nilipomaliza akauliza, "Huyo mwalimu aliitwa nani?"

"Adventina. Wa Bukoba."

Akaweka mkono mdomoni. "Mrefu? Ana mwanya hapa? Anaandika ubaoni kwa kushoto?"

"Mrefu, ndiyo. Nilisikia haandiki kabisa."

"Babu wewe! Huyo ndiye aliyenifundisha hesabu Ruangwa, darasa la tano mpaka la saba! Yupo hukohuko mpaka leo, ni mwalimu mkuu msaidizi. Unadhani hii diploma niliipataje?"

Nikamwomba aniandikie jina la shule.

Jumamosi nilipanda basi la Ruangwa. Kasiani, ambaye siku hizi miguu imekataa na mayai anauzia barazani kwake, alinipa trei moja ya kumpelekea. "Ushike magotini. Ukivunja hata moja usirudi kwangu." Nilishika magotini safari nzima, na daftari langu la zamani kwapani.

Mwalimu Adventina alinipokea bila kunifahamu. Alinikaribisha, akamimina chai. Chai alimimina kwa mkono wa kulia, vijana. Nilitazama ule mkono mpaka chai ikataka kupoa. Nikajitaja, nikasema nilikuwa nyapara wa ile barabara, nikasema niliiona ile njia ya pembeni na sikusimama. Nilisema haraka, nisije nikakosa nguvu katikati.

Aliinua mkono wa kulia taratibu, ukafika usawa wa kidevu, ukagoma. "Unaishia hapa," akasema. "Daftari nasahihisha kwa huu. Ubaoni haufiki, nikajifunza kushoto. Mwaka wa kwanza watoto walicheka herufi zangu. Nikawaambia anayecheka aje aandike kwa kushoto. Wakaja wote, tukacheka pamoja."

"Walisema umeacha kazi."

"Nilikuwa kwenye matibabu. Nilipopona nikapangiwa huku." Akanywa chai. "Mzee Gaspari, na mimi niliiona ile njia."

Nikainua macho.

"Asubuhi ile. Niliiona inashuka. Nikadhani ni ya wachota maji."

Tulikaa tumetazamana, wageni wawili wa shimo moja. Sisemi kwamba maneno yake yaliniosha. Yeye alikuwa mgeni wa mwezi mmoja, mimi nilikuwa nyapara, na kuona kwangu kulikuwa na mshahara. Nilimwambia hivyo. Akasema, "Ni kweli," wala hakunibembeleza, na nilimshukuru kwa hilo kuliko chai.

Halafu akaomba daftari. Akausoma ule mstari, akanisogezea kalamu. "Hii sentensi haijaisha. Imalizie."

Niliandika chini yake: "Kabla ya hapo mimi, Gaspari, niliona njia ya pembeni na tundu ukingoni, nikasema hakuna shida." Nikamrudishia. Akatoa kalamu nyekundu kwenye mkoba, akaihamishia mkono wa kushoto, sijui kwa nini wa kushoto, akaniwekea vema moja kubwa, imelala upande kama mtu anayepumzika. Mayai yake yote yalifika mazima.

Basi ndiyo hayo Editha aliyotaka niwaandikie. Picha zitumeni, ni kitu kizuri. Lakini ninyi wenye baiskeli, tuambieni pia pale mnaposhuka. Na ninyi wa genge, mkiona njia inatoka barabarani na kurudi mbele, simamisheni tipa, hata kama orodha inasema twende.

Siku niliyotoka Ruangwa nilichukua baiskeli yangu mjini nikaanza kurudi nyumbani. Jua lilikuwa bado juu. Nilipofika Mikorosho Mitatu vidole vikashika breki vyenyewe, kwa mazoea ya miaka. Nikaviachia. Zege lilipita chini yangu kwa mlio mfupi, nikawa ng'ambo, bado nimekaa kwenye kiti. Jioni nikaandika: "Leo nimepita juu." Sikuongeza neno.

Ile njia ya chini imeanza kuota nyasi. Mkipita msiiandike kwenye orodha. Ilikuwa yangu.